Sentensi ya Refa Swafia

Watu wanaopeleka mahindi kusagwa kwa Swafia pale sokoni Shianda humjua kwa mambo mawili: unga wake hauna chenga, na hana mzaha na kipenga. Siku za juma yeye husimama kwenye kisiagi chake, vumbi jeupe limemjaa hadi kwenye kope. Ikifika Jumamosi huoga, akavaa suruali nyeusi ndefu na fulana ya mikono mirefu, akachomeka kitambaa cha kichwa vizuri shingoni, na kwenda kuchezesha mechi za ligi ya wanawake.

Alianza urefa kwa bahati. Miaka sita iliyopita kulikuwa na mashindano ya vijiji huko Musanda, na refa aliyetarajiwa hakufika. Swafia, aliyekuwa amekaa pembeni akinyonyesha, alipaza sauti kwamba watu wasirudi nyumbani, yeye anazijua sheria. Alizijua kweli, maana alikua na kaka wanne na redio moja. Alimpa jirani mtoto, akaingia uwanjani na leso kiunoni. Mwaka uliofuata alikwenda Kakamega kwa mafunzo ya juma zima na kurudi na cheti. Wazee wawili wa msikitini walimwendea mumewe, Yakub, wakamuuliza kama ameshindwa kumweka mke nyumbani. Yakub ni mwendesha bodaboda, mtu wa maneno machache. Aliwauliza kama mavazi ya mkewe yana kasoro. Wazee wakatazamana, wakamtakia siku njema.

Kilichomshinda Swafia ni Kiingereza cha ripoti. Alimaliza darasa la nane akiwa na alama nzuri, lakini mwezi huohuo mama yake akapooza upande mmoja, na binti ndiye aliyebaki nyumbani kumlisha na kumgeuza. Kusoma aliweza. Sheria za mpira alizikariri kwa Kiingereza kama anavyokariri sura za Kurani. Lakini kila mechi ilipokwisha, alipaswa kuandika ukurasa mmoja kwa ofisi ya ligi mjini Kakamega, na ukurasa huo ulimchosha kuliko dakika tisini za kukimbia.

Mwezi wa sita timu ya Shianda ilicheza na timu kutoka Matungu. Shianda walifungwa mbili kwa moja, na bao la pili lilikuwa penalti. Swafia alikuwa ameshapuliza kipenga cha mwisho na kutoka uwanjani wakati mshambuliaji wa Shianda, nambari tisa, alipomfuata mbiombio. Huyu ni Mitchel, msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye mbio za swara na hasira za nyuki. Alimtukana Swafia kwa Kiwanga, lugha ya nyumbani, na kwa Kiswahili, matusi yaliyowafanya hata wanaume waliokuwa pale waangalie chini. Kisha akang'oa kibendera cha kona, akakivunja juu ya goti.

Nahodha wa Shianda, nambari sita, alimfikia kabla hajasema zaidi. Jina lake Gentrix, mwanafunzi wa kidato cha nne, mpole nje ya uwanja na mgumu kama mwiko ndani yake. Alimkumbatia Mitchel kiunoni kwa nyuma, akamvuta hadi kwenye mabegi yao, kisha akarudi peke yake.

"Refa, pole sana," alisema. "Huyu si mtu mbaya. Hasira tu ndizo zinamshindanga."

Kwa kuwa mechi ilikwisha na wote walikuwa nje ya mistari, Swafia hakutoa kadi. Mambo yote yangekuwa kwenye ripoti. Jioni hiyo, watoto wakila obusuma, ule ugali wa nyumbani, na mboga, aliketi mlangoni akaandika. Aliandika kwamba nambari sita alimvuta nambari tisa baada ya kutukana refa na kuvunja kibendera. Alisoma mara mbili, akaridhika, akaipiga picha karatasi na kuituma ofisini kwa simu.

Siku kumi baadaye Gentrix alifika kisiagini akiwa na sare ya shule. Hakuwa na mahindi. Alikuwa na barua.

Swafia alizima mashine, akapangusa mikono, akasoma. Kamati ya nidhamu ilikuwa imemfungia nambari sita wa Shianda asicheze hadi msimu uishe, kwa kumtusi refa, kuharibu kibendera na kumvuta mchezaji mwenzake kwa nguvu.

"Hii ni uongo," Swafia alisema. "Nani amewaambia hivi?"

"Wamesema ni ripoti yako, Refa." Gentrix alikuwa akijikaza asilie. "Na mimi nimeitwa kwa majaribio ya timu ya kaunti. Ni Jumamosi ya wiki ijayo, siku mbili. Mtu aliyefungiwa haruhusiwi hata kuingia."

"Mimi sikuandika hivyo."

"Sawa." Msichana aliikunja barua mara nne hadi ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. "Mimi nilifikiri labda nilikukosea mahali."

Neno hilo lilimchoma Swafia kuliko matusi yote ya Mitchel. Gentrix alipoondoka, Swafia aliifungua ile picha kwenye simu, akaisoma mara ya tatu, ya tano, ya kumi. *Number six pulled number nine after abusing the referee and breaking the corner flag.* Aliona alichokiona siku ile: Mitchel akifoka, kibendera kikivunjika, Gentrix akivuta. Hakuona kosa lolote. Alifunga kisiagi saa tisa mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea siku ya soko, akaenda kwa Madam Pascalia.

Madam Pascalia alifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Sasa anaishi nyuma ya soko, karibu na kanisa, na kuku wake wa kienyeji ambao amewapa majina ya wakuu wa shule aliowahi kufanya kazi chini yao. Alimkaribisha Swafia, akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso.

"Nani alitukana?" aliuliza.

"Mitchel. Nambari tisa."

"Mimi sikuwa uwanjani, Mama Aminah. Nina karatasi tu. Kwa karatasi hii, nani ametukana?"

Swafia alisoma tena. "Nambari tisa. Si ndiye aliye karibu na hayo maneno?"

"Hapana. Maneno 'baada ya kutukana' ni kirai tu. Hakina mwenyewe. Kwa Kiswahili tukisema *alitukana*, yule *a* wa mbele anatuambia kuna mtu. Kitenzi kimembeba. Lakini ukisema *kutukana*, umemshusha mtu. Na kwa Kiingereza kirai kama hiki kikikosa mwenyewe, kinamshika mtendaji wa sentensi. Mtendaji wako hapa ni nani?"

Swafia aliyafuata maneno kwa kidole. Kuku mmoja alipanda kwenye kizingiti, akafukuzwa.

"Sita," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nambari sita amevuta, nambari sita ametukana, nambari sita amevunja." Alijishika kichwa. "Yaa Allah. Ni mimi nimemfungia yule mtoto."

"Ni wewe," alisema Madam Pascalia, ambaye hakuwa mtu wa kupaka mafuta. "Na kamati nao, kwa kutokupigia simu. Sasa unataka nikuandikie barua?"

Swafia alifikiri. Ingekuwa rahisi. "Hapana, Madam. Ukiandika wewe, Jumamosi nyingine nitamfungia mwingine. Nifundishe."

Akafundishwa. Jioni tano mfululizo alikwenda kwa Madam Pascalia baada ya kufunga kazi. Alijifunza kutofautisha kirai na kishazi, mambo ambayo binti yake Aminah alikuwa akiyasoma shuleni kwa Kiswahili na kumcheka mama yake kwa upendo. Kirai ni kikundi cha maneno kisicho na mtu na tendo lake. Kishazi kina mtu na tendo, na vishazi vingine husimama vyenyewe huku vingine vikiegemea vingine. Alipokwama, Madam hakumwambia jibu. Alimuuliza lilelile swali kila mara: "Nani?"

Mchana alifanya mazoezi kisiagini. Mashine ikinguruma huwezi kuongea na mtu, kwa hiyo alichukua chaki na kuandika kwenye mlango wa mabati. Aliandika kuhusu waliokuwa kwenye foleni. Aliandika kwa Kiingereza kwamba yule mama mwenye beseni la buluu anangoja, na akayapigia mstari maneno ya beseni la buluu kwa kuwa ni kirai. Aliandika kwamba Osiako, ambaye hupenda kuruka foleni, amekuja na gunia. Osiako, mkulima wa miwa wa makamo, aliliona jina lake, akaomba asomewe. Aliposomewa alicheka hadi akakohoa, kisha akarudi nyuma ya foleni bila kuambiwa. Wateja wakaanza kuuliza kila siku leo nani ameandikwa.

Siku ya nne alidhani amefika. Alimpelekea Madam sentensi mpya: *After number nine abused the referee, number six pulled her away.* Kwamba baada ya nambari tisa kumtusi refa, nambari sita alimvuta akamwondoa.

"Vizuri," alisema Madam Pascalia. "Sasa tusi lina mwenyewe. Lakini alimvuta nani?"

"Nambari tisa."

"Refa ni mwanamume?"

Swafia aliitazama tena *her*, neno la mwanamke yeyote. Refa alikuwa mwanamke. Refa alikuwa yeye. Kwa sentensi ile, mtu wa Kakamega angeweza kuamini kwamba Gentrix alimburuta refa nje ya uwanja. Wanawake wawili walitazamana, kisha wakacheka mpaka Swafia akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alikuwa hajacheka tangu siku ya barua.

Nyumbani Yakub alimsubiri na jambo lake. Ofisi ya ligi ilikuwa imempigia simu Swafia wiki mbili zilizopita kumwambia kwamba yeye ndiye atakayechezesha fainali ya kaunti mwezi wa nane. Hakuna mwanamke wa Shianda aliyewahi kupewa fainali.

"Mama Aminah," alisema Yakub, "ukienda kuwaambia hukujua kuandika, watakupokonya ile mechi."

"Najua."

"Na Gentrix ni kijana. Msimu mwingine upo."

"Majaribio ya timu ya kaunti hayapo kila msimu, Baba Aminah. Na mimi ndiye ninayewaambianga wachezaji wakubali makosa yao."

Yakub alimaliza chakula chake. Aliponawa mikono akasema, "Basi Ijumaa nitakupeleka mwenyewe. Usipande gari, utachelewa."

Ofisi ya ligi ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la viatu mjini Kakamega. Walikuwepo watu watatu nyuma ya meza, na aliyekaa katikati alikuwa katibu wa kamati, Bwana Masinde, mtu mzima aliyenyoa ndevu kwa makini na kuvaa tai hata siku za joto. Swafia aliwasalimu, akaweka karatasi mezani. Ilikuwa na mistari mitano tu. Ilisema kwa Kiingereza kwamba nambari tisa alimtusi refa na kuvunja kibendera, na kwamba nambari sita, ambaye ndiye nahodha, kisha alimvuta nambari tisa na kumwondoa. Mstari wa mwisho ulisema kosa katika ripoti ya kwanza ni la refa.

Bwana Masinde alisoma, akaiweka chini, akamtazama juu ya miwani.

"Madam Refa, hii umeandikiwa na nani?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Ripoti zako nazijua. Nimezisoma miaka mitano. Hii si wewe." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyewahi kudanganywa. "Na ninajuaje kwamba watu wa Shianda hawajakuja kukusihi, au kukutisha, umtoe nahodha wao?"

Kwa kitambo kidogo Swafia alitamani kuwa kwenye kisiagi chake, ambapo hakuna anayeweza kumuuliza kitu. Kisha akavuta kiti karibu.

"Nipe karatasi tupu," alisema. "Niulize jambo lolote la siku ile. Nitaandika hapa."

Bwana Masinde alimtazama, akampa karatasi na kalamu yake. "Mshika kibendera wako alikuwa wapi? Aliona nini?"

Chini, dukani, mtu alikuwa akibishana kuhusu saizi ya viatu. Swafia alijiuliza lile swali alilolizoea, nani, akaandika polepole. *The assistant referee, who was standing near the corner, saw number nine when number nine broke the flag.* Kwamba mshika kibendera, aliyesimama karibu na kona, alimwona nambari tisa wakati nambari tisa alipovunja kibendera. Aliisoma moyoni. Neno tisa lilijirudia vibaya, lakini aliliacha. Heri sentensi mbaya inayosema kweli. Akaisukuma mbele.

Mwanamke aliyekaa kushoto ndiye aliyeisoma kwanza, akatabasamu bila kuonyesha meno. Bwana Masinde aliisoma mara mbili. Kisha alivua miwani, akachukua simu, akampigia yule mshika kibendera palepale na kumuuliza kwa Kiswahili aliona nini. Walimsikia akijibu kwa sauti kubwa, akimtaja Mitchel mara tatu.

"Hii simu tungeipiga mwezi uliopita," Bwana Masinde alisema alipokata. Aliandika kitu, akapiga muhuri. Gentrix alikuwa huru kuanzia dakika hiyo. Mitchel angekosa mechi nne. Kisha akasita. "Kuhusu fainali, Madam. Kanuni iko wazi. Refa ambaye ripoti yake imemwadhibu asiye na hatia hapewi mechi kubwa msimu huo. Nasikitika."

"Nilijua nikija," alisema Swafia.

Alishuka ngazi bila kuyumba. Alipofika chini na kumwona Yakub ameegemea pikipiki, ndipo alipolia kidogo, akiwa amegeukia dirisha la viatu ili watu wasimwone. Yakub hakusema nilikuambia. Alimfungulia chupa ya maji.

Gentrix alikwenda kwenye majaribio siku zote mbili. Hakuchukuliwa kwenye kikosi cha kwanza. Walimweka na wachezaji wa akiba, wakamwambia afanye mazoezi nao likizo. Alileta habari hizo kisiagini akikimbia, bado na njumu mkononi, akazieleza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mashine ilikuwa ikinguruma.

Fainali ilichezeshwa na Ochieng, refa wa mjini. Swafia alikwenda kuitazama, akalipa kiingilio kama watu wengine, akakaa jukwaani na Aminah. Dakika ya sabini aliona mpira ukiguswa kwa mkono ndani ya boksi, na Ochieng hakuona. Swafia alinyanyuka na mdomo wazi, akajikumbuka, akaketi. "Mama," Aminah alimnong'oneza, "kula njugu." Akala.

Baada ya kufungiwa, Mitchel alikaa wiki tatu bila kupita njia ya kisiagi. Siku aliyokuja alikuwa na debe la mahindi kichwani, na hakusalimu.

"Umeniandika," alisema.

"Nimekuandika," alijibu Swafia. "Mara ya kwanza nilikosea nikamwandika mwenzako. Mara ya pili nimeandika ilivyokuwa."

"Ungenyamaza tu."

"Na Gentrix abebe mdomo wako msimu mzima?"

Mitchel alitazama pembeni. "Hata yeye hajanilaumu. Ndiyo imeniuma zaidi." Alishusha debe, akapiga goti kidogo kama msichana anayemsalimu shangazi. "Refa, nilikutukana vibaya. Unisamehe."

"Nimeshakusamehe. Lete mahindi."

Swafia alimsagia mwenyewe, akampepetea unga, na wakati anaondoka alimwambia kwamba mechi nne si nyingi, na kwamba hata hivyo ile ilikuwa penalti halali. Mitchel alicheka bila kutaka.

Mwezi wa kwanza, kabla ya msimu mpya, Bwana Masinde alipiga simu. Alikuwa amepitia ripoti za marefa wote wa mwaka, na kichwa kilimuuma. Je, yule mwalimu wa Shianda angekubali kuwafundisha wachache? Madam Pascalia alikubali kwa sharti kwamba waje kwake, maana hawezi kuwaacha kuku.

Sasa kila Jumapili alasiri wanakaa uani kwake marefa saba, wanaume sita na Swafia, Ochieng akiwa mmojawapo. Huja na ripoti zao za Jumamosi na kuzipitisha mkono hadi mkono, na kila mmoja huulizwa nani, nani, nani, mpaka jasho limtoke. Jumapili iliyopita Ochieng na Swafia walibishana karibu saa nzima juu ya mahali pa kuweka kishazi kimoja kuhusu golikipa, kila mmoja amesimama na karatasi yake, na Madam Pascalia aliwaacha wabishane huku akimwagia kuku mtama.

Swafia amejiandikisha kwenye masomo ya watu wazima, aanze kidato cha kwanza mwezi wa tatu akiwa na miaka thelathini na tisa. Na Jumamosi hii ana mechi Musanda, saa tisa kamili.